Basi Lisilogeuka

Kitendawili. Usiharakishe kuniambia nitege. Keti kwanza, vuta kigoda, na huyo mtoto mshushe mgongoni naye apumue. Haya. Mgeni wangu akija ananitazama, akiondoka ananitazama.

Hapana, si kioo. Kioo hakiji, wewe ndiye unayekiendea. Kivuli nacho hakina macho. Na wewe unayecheka huko nyuma ukisema ni mkwe mwenye adabu, yule anayetoka chumbani kwa wakwe bila kuwapa mgongo, umekaribia lakini hujafika. Umeshindwa? Nipe mji. Nikishaupata mji wako nitaufagia, nitaupikia, nitalala humo usingizi mzuri, na kesho yake nitakwambia: ni basi la halmashauri.

Mambo haya yalianza na mtu aliyeitwa Hoja. Jina alilopewa na wazazi lilikuwapo, ila lilikuwa limelala kwenye cheti. Alikuwa diwani, na hakuna kikao alichowahi kukaa akatoka bila kusimama, kusafisha koo na kusema naomba kutoa hoja. Hata nyumbani kwake, mkewe akiuliza nani amemaliza sukari, bwana yule alisimama kwanza. Watu wakambandika jina hilo kwa kumcheka, yeye akalivaa kama kofia mpya.

Mama yake alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa dirishani, na dirisha lilitazama mto. Kwa cherehani hiyo alimlea Hoja tangu kaptula ya shule mpaka suti ya kuapishwa udiwani, na magoti yake yakalipa gharama ya kukanyaga kile chuma miaka yote hiyo. Ng'ambo ya mto, ukikaa pale dirishani, unaliona bati la nyumba ya mdogo wake, yaani mama mdogo wa Hoja. Kati yao kulikuwa na daraja, refu, jembamba, lenye upepo wa kuvua watu kofia.

Ndugu hawa wawili walikuwa na mchezo wao tangu utotoni: vitendawili. Walitegeana jikoni, walitegeana kisimani, walitegeana hata msibani kwa kunong'onezana. Na walikuwa na sheria moja ambayo haikupitishwa na kikao chochote: kitendawili hakijibiwi kwa mjumbe. Kimetegwa mdomo kwa mdomo, kitateguliwa mdomo kwa mdomo. Ukituma jibu, umeshindwa, na mji unatoa juu yake.

Siku zile vibasi vya watu binafsi vilivuka daraja kutwa. Vilikuwa vibovu, sikatai. Kimoja mlango wake ulifungwa kwa mpira wa baiskeli, kingine honi ilikuwapo lakini breki sijui zilikuwa wapi. Lakini vilivuka. Mama alipanda mlangoni pake na kifurushi chake, akafika kwa mdogo wake chai ya kwenye chupa ikiwa bado inatoa moshi.

Mara ya mwisho walipoachana, kibasi kilikuwa kinapiga honi nje, na mama mdogo, ambaye hakuwahi kumuaga mtu bila kumwachia kazi, akamtegea dada yake akiwa mguu mmoja ndani mmoja nje. "Ndugu wawili, wanatazamana kutwa, hawatembeleani."

Mama akasema atakuja na jibu safari ijayo. Huo ulikuwa ujanja, maana jibu alikuwa nalo kabla hajakaa kwenye kiti: kingo za mto. Ila jibu tamu halitemwi upesi. Alilihifadhi shavuni kama peremende, akijua safari ijayo haiko mbali.

Safari ijayo haikuja. Ilikuja sheria.

Sheria yenyewe ilisema kwamba halmashauri zina mamlaka ya kujenga stendi, kununua mabasi na kuendesha usafiri wa watu ndani ya mipaka yake. Ni sheria nzuri, hata mimi ningeipigia makofi. Hoja aliisoma kama mtu anavyosoma kadi ya harusi yenye jina lake. Akatoa hoja. Tujenge stendi, alisema, tununue basi, na vibasi viondoke barabarani, kwa sababu fahali wawili hawakai zizi moja. Tena akaongeza kifungu chake mwenyewe, ili majirani wa ng'ambo wasije wakasema tunawaingilia: basi la halmashauri halitavuka mpaka wa halmashauri. Mikono ikanyanyuka, pamoja na wa diwani mmoja aliyekuwa anajinyoosha tu. Huyo aliyejinyoosha ndiye aliyekuja kuwa mwenyekiti baadaye, lakini tusikimbilie huko.

Stendi ikajengwa, na ilipendeza. Paa la buluu, viti vya chuma, choo chenye komeo kwa ndani, saa kubwa ukutani. Siku ya ufunguzi wakakuta utepe upo na mkasi hakuna. Hoja akakimbia kwa mama yake, akaomba ule mkasi wa kukatia nguo, mkasi ambao tangu ununuliwe haukuwahi kugusa kitu kisicho kitambaa. Mama akautoa. Kwa mtoto, mtu hutoa hata mkasi. Akapelekwa naye, akakalishwa mbele kwenye kiti cha wageni, na basi jipya lilipotolewa kivulini, jeupe, lina harufu ya viti vipya, akamvuta mwanawe mkono.

"Mwanangu, hilo basi linakwenda wapi?"

Hoja akacheka, akawageukia wageni, akasema kwa sauti ya jukwaani kwamba hilo, mama, ni basi la halmashauri.

Watu wakapiga makofi. Mama naye akapiga, maana ndiye aliyemfundisha adabu. Lakini alijua hajajibiwa. Ni kama umuulize mtu anakwenda wapi, akwambie yeye ni mtoto wa fulani.

Siku hiyohiyo basi likaondoka kwa vigelegele, likashuka barabara mpaka mdomoni mwa daraja, na hapo dereva akasimama. Mpaka wa halmashauri uko katikati ya mto, kuvuka haruhusiwi. Kugeuza nako hawezi, maana barabara pale ni nyembamba kama ulimi, kulia korongo, kushoto korongo. Pa kugeuzia pako ng'ambo, uwanja mpana ajabu, pale pale vibasi vilipokuwa vikigeuzia miaka yote. Hakuna aliyekumbuka. Kila aliyepitisha mpango ule alikuwa amegeuzwa na vibasi maisha yake yote akiwa amesinzia.

Mhandisi wa halmashauri akaitwa. Akaangalia mchoro, akaangalia korongo, akaangalia tena mchoro. Kwenye mchoro barabara iliishia kwa mshale mzuri sana. Akasema mchoro hauna kosa.

Basi likarudi rivasi. Lilirudi rivasi njia nzima, kutoka darajani mpaka stendi, kondakta akitembea nyuma yake na filimbi mdomoni, akifukuza kuku na baiskeli. Na kwa kuwa siku ya pili korongo lilikuwa bado lipo, siku ya pili nayo likarudi rivasi, na ya tatu, mpaka ikawa ndio utaratibu. Watu waliobaki darajani walilitazama likija, sura yake hiyo, na wakalitazama likiondoka, sura yake ile ile, kama mtu anayeogopa kuwapa mgongo. Wakaliita Kinyumenyume.

Binadamu huzoea. Wenye kichefuchefu walijifunza kupiga magoti juu ya viti wakatazama kioo cha nyuma. Kinyozi wa njiani alihamishia bango lake upande wa pili wa ukuta, maana wateja walikuwa wakiliona duka wakiwa wamekwisha kulipita. Na Hoja kikaoni alitoa taarifa kwamba huduma inaendelea vizuri, basi ni zima, na kwa upande wa mbele halina hata mkwaruzo.

Wa ng'ambo nao, wangekaa bure? Wakajenga stendi yao, paa jekundu, saa kubwa kuliko yetu. Wakanunua basi lao, wakatunga kifungu chao. Basi lao lilikuja mpaka mdomo wa daraja upande wa pili, likageuka kwa madaha kwenye ule uwanja mpana, likaondoka. Kwa hiyo ikawa kila asubuhi mabasi mawili yanatazamana juu ya maji, na katikati watu wanatembea kwa miguu, na magunia, na magodoro, na wagonjwa mgongoni, upepo ukiwavua kofia.

Kamati ya pamoja iliundwa. Upande huu ulikataa kwenda kule, usije ukaonekana unaomba; upande ule ulikataa kuja huku kwa sababu hiyohiyo. Wakakubaliana wakutane katikati ya daraja, meza juu ya mpaka, kila upande na viti vyake. Kikao chote kikaisha kwa kubishana chai ipikwe na nani, maana chai ya huku ikinywewa kule ni huduma iliyovuka mpaka. Watembea kwa miguu wakawa wanapita chini ya meza. Mama mmoja mwenye tenga la nyanya aliwaambia waheshimiwa kwamba hao ndio gari pekee lililowahi kuziba lile daraja. Kamati ikaahirishwa.

Mama alimuuliza mwanawe mara ya pili mezani, siku alipokuja na mkewe kula kwake, akimwekea chakula. Aliuliza polepole, bila ugomvi, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi. Basi linakwenda wapi. Hoja akasema suala liko kwenye kamati. Mkewe akainamia sahani yake. Mama akasema sawa, na kamati ikimaliza kula, imwachie na mdogo wake kijiko.

Hoja hakuwa mtu mbaya. Nataka ulijue hilo. Alikuwa mtu aliyekaribia kitu. Uchaguzi wa mwenyekiti wa halmashauri ulikuwa mlangoni, jina lake ndilo lililotajwa na wengi, na wasiomtaka walikuwa wakingoja ajikwae hata kwa unyasi. Mtu anayengojewa ajikwae hutembea akitazama miguu yake mwenyewe, na ukitazama miguu yako huoni ng'ambo.

Kisha ikaja habari. Aliileta mfua nguo, mwanamke wa ng'ambo aliyekuwa akivuka kwa miguu kuja kufua nyumba za upande huu. Aliingia kwa Mama, akakaa, akavua kanga ya kichwani, na Mama alipoona hatoi salamu akasimamisha cherehani. Mama mdogo alikuwa ameanguka mlangoni mwake. Hainuki tena kitandani, sauti imekuwa nyembamba, chakula anakionja tu ili asiwaudhi wanaokileta. Na amesema hivi: mwambieni dada alete jibu, nisije nikaondoka na swali.

Mfua nguo, kwa huruma yake, akasema anaweza kulibeba jibu mwenyewe, jioni hiyohiyo atalifikisha.

"Jibu langu lina miguu yake," Mama akasema. "Mibovu, lakini ndiyo iliyokabidhiwa."

Kulipokucha akavaa gauni lake la kijani, lile ambalo yeye na mdogo wake walilishona kwa kitambaa kimoja, kila mmoja lake. Akafika stendi, akapanda Kinyumenyume, akakaa kiti cha mbele kabisa, karibu na dereva, kifurushi mapajani.

Dereva alimjua. Hiyo sare aliyovaa, Mama ndiye aliyeishona, hata mfuko wa ziada wa kuwekea miwani alimtilia bila kuombwa. Wakazungumza njiani habari za watoto na mvua. Walipofika mdomo wa daraja abiria wakashuka, na wa kurudi wakaanza kupanda. Mama hakuinuka.

"Mama, tumefika," dereva akasema.

"Tumefika wapi?"

Dereva akatazama nje, kana kwamba mahali pale pameota jina usiku. "Mwisho, mama."

"Mimi sikupanda niende mwisho."

Dereva akamweleza, kwa adabu, kwamba sasa anaweka rivasi, na kama hashuki itabidi arudi naye. Mama akamwambia kwamba yeye amezaliwa akitanguliza kichwa, ameolewa akitangulia mlangoni, na hataanza kurudi kinyumenyume uzeeni. Kama ni kumshusha, ambebe. Dereva akaangalia mikono yake, akaangalia sare yake. Wewe ungembeba? Akazima injini.

Basi likasimama, na likisimama hilo, njia yote imesimama. Abiria wa kurudi wakakaa vitini kungoja. Hakuna aliyegombana na Mama. Kijana mmoja alianza kuguna kuhusu kuchelewa kazini, mwenye tenga la nyanya akamtazama, kijana akakumbuka kwamba hana haraka. Ng'ambo, basi la stendi ya paa jekundu nalo likasimama, dereva wake akashuka, akaegemea mlango kutazama. Kondakta akatumwa kwa miguu kumwita mheshimiwa.

Mheshimiwa alikuja kwa miguu pia, maana usafiri wa umma ulikuwa umezibwa na mama yake. Alikuja na mwanasheria wa halmashauri, kijana mpole mwenye viatu vya kung'aa, vumbi limemfika magotini. Wakapanda. Hoja alikuwa na tai, na jasho. Akasema mama, twende nyumbani, watu wanatazama. Mama akasema kumbe wana macho.

Mwanasheria akachuchumaa karibu na kiti chake, akamwamkia vizuri, akamweleza. Alieleza kwa upole kabisa, kama anayemwogesha mtoto. Halmashauri ina mamlaka kamili ya kujenga na kuendesha, ila upande huu. Ng'ambo ya katikati ya mto haina mamlaka yoyote.

"Na huku inayo?" Mama akauliza.

"Huku inayo, mama."

"Basi kwa hayo mamlaka ya huku, ianze kunipa magoti mengine, nivuke mwenyewe."

Basi zima likacheka, mwanasheria naye akacheka, na Mama akampenda kwa hilo. Akamwambia, mwanangu, kitendawili. Kijana akasema tega. Akamtegea kile cha mdogo wake: ndugu wawili, wanatazamana kutwa, hawatembeleani.

Mwanasheria hakufikiri sana. Kupitia kioo cha mbele alikuwa anaona daraja, na lile basi la ng'ambo, na lile paa jekundu.

"Halmashauri mbili," akasema.

Watu wakacheka hata dereva akaegemea usukani, na honi ikalia. Mama akafuta machozi kwa pindo la mtandio. Akasema hilo nalo ni jibu, lakini silo alilolibeba. Kisha kicheko kikamtoka usoni, akamgeukia mwanawe.

Alisema kwa sauti ya chini. "Nilipokuwa nakanyaga cherehani mpaka giza linaingia, ulikuwa unalala kwenye mgongo wa nani? Huyo ananingoja. Hangoji kamati."

Hoja akatazama ng'ambo. Bati la nyumba ile lilikuwa linamulikwa na jua, dogo, kama kipande cha sarafu. Alikumbuka mgongo ule, ulikuwa na harufu ya sabuni ya mche. Alikumbuka akivushwa daraja hilihili akiwa amefumba macho kwa kuogopa maji, na mama mdogo akimwambia asiogope, daraja ni barabara tu iliyoamua kutolala.

Mwanasheria akamvuta pembeni, ingawa ndani ya basi hakuna pembeni, kwa hiyo wote tukasikia. Alimkumbusha kwamba kile kifungu cha mpaka ni chake yeye mwenyewe. Kikivunjwa, kitakuwa kimevunjwa na aliyekitoa, mchana kweupe, mbele ya abiria wote hawa. Na uchaguzi wa mwenyekiti, mheshimiwa, ni wiki hii. Alisema hivyo kwa huzuni, kama daktari.

Hoja akakaa. Kiti kilichokuwa wazi kilikuwa kile cha pembeni mwa mama yake, kwa hiyo alikaa hapo, magoti yake yakigusa kifurushi. Mama hakumtazama. Alitazama mbele. Tangu watu wambandike mwanawe lile jina, yeye hakuwahi kulitumia hata kwa utani.

"Hoja," akasema, "nakuuliza mara ya tatu, na sina ya nne. Basi hili linakwenda wapi?"

Mtoto wa watu akasafisha koo. Abiria wakajiweka sawa vitini, wakijua kinachofuata baada ya koo lile. Kondakta hata alivua kofia. Lakini hakusimama. Alilegeza tai, akaivua, akaikunja ndogo, akaitia mfukoni kama mtu anayeweka kitu ambacho hatakihitaji kwa muda mrefu.

Dereva akawasha injini. Mkono ukawa juu ya gia, macho kwenye kioo kidogo cha juu. "Mheshimiwa, niweke rivasi, ama tunakwenda wapi?"

"Kwa mama mdogo," Hoja akasema.